Siku Herminda Alipoiamsha Pikipiki Iliyolazwa

Herminda Cayupán alikuwa na vitu viwili asivyopenda viguswe: kisu chake cha kuchinjia na pikipiki yake. Kisu ungeweza kukiomba, na siku akiwa ameamka vizuri angekupa. Pikipiki hata usingethubutu kuinyooshea kidole.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na nane, mfupi, mashavu yamebabuliwa na upepo, akiishi na kondoo wake pale Pampa Rala, ambako majirani wengi wanajuana kwa moshi wa mabomba ya majiko yao. Pikipiki aliinunua mwaka uliofuata kifo cha mumewe. Watu wakacheka weee! "Mjane kajitafutia mume wa chuma," walisema, "angalau huyu hanywi." Herminda akawaacha wacheke mpaka mbavu zichoke. Haukupita muda, walewale waliocheka ndio waliokuja kubisha mlangoni: Herminda, nifuatie dawa, Herminda, kamwambie kaka yangu kondoo wake wamevuka waya. Naye alikuwa anakwenda. Ananung'unika, lakini anakwenda.

Baridi ikiingia, pikipiki hulala. Ndivyo ilivyo kwetu huku kusini mwa dunia, ambako mwezi wa sita ndio wa theluji. Theluji ikishashika barabara, mtu wa magurudumu mawili anajitafutia kaburi. Kwa hiyo kila mwaka, kabla mwezi wa sita haujakolea, Herminda aliilaza yake, na aliilaza kama mtu anavyomlaza mtoto mwenye homa, bila kuruka jambo. Alijaza tangi hadi shingoni, maana tangi lenye nafasi hutoka jasho kwa ndani na jasho huzaa kutu. Alifunga koki ya petroli, akamwaga petroli yote iliyobaki ndani ya kabureta isije ikalala humo miezi mitatu ikageuka gundi. Akafungua plagi, akatia kijiko cha oili ndani ya silinda, akaisukuma kiki kwa mkono polepole ili oili ipake kuta, akairudisha plagi mahali pake. Mnyororo ukapata grisi. Betri akaichomoa, ikaenda kukaa jikoni nyuma ya jiko, jirani na gunia la unga. Pikipiki yenyewe akaipandisha juu ya sanduku ili matairi yasiguse sakafu ya barafu. Mwisho akaziba ekzosi kwa konzi ya sufu mbichi, yenye mafuta yake ya kondoo, kwa sababu panya wa nyika hii akiona tundu lenye giza anadhani amejengewa nyumba. Akaifunika kwa ngozi mbili kuukuu, akapigapiga tangi.

"Lala, mama. Tutaonana mwezi wa tisa."

Hiyo ilikuwa Jumapili. Alhamisi yake, redio ikasema.

Huku simu hazishiki. Redio ya mjini ndiyo inayotusomea ujumbe wetu, kila siku saa saba mchana, wakati watu wako mezani. Muda huo nyika nzima hunyamaza, hata mbwa wameshazoea. Utasikia wako ukiwa nao, na utasikia wa wenzako: fulani kajifungua salama, fulani aje apokee mbolea, fulani mama mkwe anakuja kwa hiyo afagie. Na tuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika. Ukisikia ujumbe wa jirani, nawe unajua mwenyewe hakuusikia, basi ujumbe ule ni wako.

Mchana huo Herminda alikuwa anakula mchuzi wa kondoo na Abelino Huenchul wa ng'ambo ya kijito, mzee mwenye nyonga mbovu na ulimi mzima. Abelino alikuwa katikati ya kisa chake cha mbwa wake wa zamani, kile ambacho Herminda alishakisikia, aliponyanyuliwa mkono anyamaze.

"Kwa Zoilo Paillalef, wa Cerro Pelado," ilisema redio. "Baba yako ameruhusiwa kutoka hospitali, yuko mzima. Anapanda basi la leo. Msubiri na farasi njia panda ya El Molle saa tisa. Usimwache mzee kwenye upepo."

Kijiko cha Herminda kikasimama hewani.

"Lakini Zoilo hayupo," Abelino akasema.

"Najua hayupo."

Asubuhi ileile Zoilo alikuwa amepita hapo mlangoni juu ya lori la sufu, anapunga kofia, anapiga kelele kwa furaha kwamba anakwenda mjini kumchukua baba yake mwenyewe, mzee asihangaike na basi. Lori hupita njia ya juu, ya mlimani. Basi hupita njia ya chini.

"Wamepishana," Abelino akasema taratibu.

"Wamepishana."

"Labda dereva hatamshusha akiona hakuna mtu."

"Atamshusha. Zoilo hajawahi hata siku moja kukosa kumpokea baba yake. Dereva atasema anakuja huyo, ataenda zake."

Wakatazama dirishani. El Molle hakuna nyumba, hakuna kibanda. Kuna kibao cha barabara na waya wa ua, hakuna kingine. Gari jingine lingepita kesho, kama lingepita. Na upande wa kusini mbingu ilikuwa imeshuka, nzito, rangi ya tumbo la punda, na upepo umeanza kuvuta bati la paa kama mtu anayetaka kuliiba. Mzee Belarmino Paillalef alikuwa na miaka themanini kasoro, ametoka kulazwa kwa mapafu.

"Farasi wako?" aliuliza Abelino.

"Nimemwacha bonde la chini. Mpaka nimpate ni usiku."

Abelino hakuwa na farasi tangu nyonga ilipomwamulia.  Kisha Herminda akainuka, akachukua koti, akaelekea bandani. Abelino akamfuata na fimbo yake, anachechemea, anaongea.

"Utaiamsha? Imelala siku nne tu, itakasirika."

"Ikasirike."

Injini, Herminda alipenda kusema, haina makuu, inataka vitu vitatu tu: petroli, moto na pumzi. Kila ubishi wake uko katika kimojawapo. Akavuta ngozi, akaishusha pikipiki kutoka juu ya sanduku, akang'oa sufu kwenye ekzosi, akachungulia tundu mpaka akaona giza safi. Akafungua koki, akatega sikio kusikia kabureta ikijaa. Akafungua plagi, akapiga kiki mara kadhaa ikiwa wazi ili iteme ile oili ya kulalia; ikatema, nyingine ikamrukia Abelino kwenye suruali.

"Imenitemea mate!"

"Imekutambua. Kaipashe plagi jikoni, juu ya bamba la jiko. Usiiunguze."

Abelino akaenda akarudi, plagi ameifunika kwa viganja vyote viwili kama kifaranga. Herminda akaikaza ikiwa bado ya moto. Akavuta choki, ile ya kubana hewa injini ikiwa baridi. Akapanda, akakanyaga kiki kwa uzito wake wote.

Pikipiki ikakohoa. Moshi mweupe ukatoka kidogo, ikanyamaza.

Akakanyaga tena. Ikakohoa, ikanyamaza. Tena. Tena. Kila mara ilikuwa kama mtu anayetaka kusema neno, halafu analimeza.

"Iite kwa jina," Abelino akasema. "Labda inataka kubembelezwa. Marehemu mke wangu…"

"Abelino."

"Mimi nasaidia tu, dada."

"Saidia kwa kunyamaza."

Abelino akanyamaza. Herminda akakanyaga mpaka goti likaanza kutetemeka. Mwanga uliokuwa unaingia kwenye nyufa za mbao ulikuwa umeanza kugeuka kijivu. Akajizuia. Mtu mwenye haraka akiendelea kukanyaga tu, anajichosha yeye na anaizamisha injini. Akashuka, akavuta pumzi, akaanza upya kama vile hajui lolote.

Moto upo? Akafungua plagi, akaiegemeza kwenye chuma, akakanyaga: cheche ikaruka, ya buluu, kali. Moto upo. Petroli ipo? Akachomoa mpira chini ya koki: ikamwagika vizuri mkononi, baridi mpaka mifupa ikauma. Petroli ipo. Akaiinua plagi kwenye mwanga wa mlango, akaitazama. Nyeusi. Imelowa chepechepe, inanuka petroli tupu.

"Inashiba lakini haipumui," akasema.

Akapeleka kiganja nyuma ya ekzosi, akamwamuru Abelino asukume kiki kwa mkono. Upepo ukatoka, dhaifu, lakini ukatoka. Basi kutoa pumzi inatoa. Je, inaivutia wapi? Akachukua bisibisi, akafungua kifuniko cha ubavuni, kwenye filta ya hewa.

Ndani kulikuwa kumeshindiliwa sufu. Imejaa, imebanwa, hata sindano isingepita.

Herminda akaivuta yote, kishungi kirefu cha kijivu. Akaisugua kati ya vidole viwili. Hakuwa na haja ya kuitazama. Sufu ya kondoo wake ilikuwa laini kama nywele za kichanga. Hii ilikuwa ndefu, ngumu, inakwaruza. Pampa Rala nzima alibaki mtu mmoja tu anayefuga kondoo wa sufu hiyo, akishikilia kwamba ndio wanaoujua upepo.

"Hii si sufu ya kondoo wangu."

Abelino alikuwa anakagua paa.

"Abelino."

"Naam, dada."

"Lini?"

"Jumatatu. Ulikuwa umekwenda malishoni. Nikapita kuangalia kama kila kitu kiko sawa. Nikaona nyuma umeziba, hapa mbele umeacha wazi. Nikasema jamani, panya hawa mwaka jana wamezaa ndani ya tandiko langu, watamzalia na mjane wa watu. Nikaziba. Nilitaka kukutendea wema."

"Na muda wote huu umesimama hapo unanitazama nakanyaga."

"Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau."

"Ukakumbuka lini?"

Abelino akasogeza fimbo mkono huu, akairudisha mkono ule.

"Uliponiambia nisaidie kwa kunyamaza."

Siku nyingine yoyote, maneno ambayo yangemtoka Herminda yangesikika hadi Cerro Pelado. Siku hiyo hakuwa na muda wa kuyatoa. Akaitia ile sufu mfukoni mwa koti la Abelino, akaisukuma ndani kwa ngumi, akafuta plagi, akafunga kifuniko, akakanyaga.

Ikawaka. Ikanguruma banda zima likatetemeka, vumbi likaanguka kutoka kwenye pao, kuku wakatawanyika. Herminda akaiacha ipate joto kidogo huku anajifunga: magazeti kifuani chini ya sweta, koti, kitambaa usoni. Abelino akaja mbio mbio kwa mguu mmoja na nusu, ameshika chupa ya mchuzi wa moto, ngozi ya kondoo, na betri.

"Taa, dada! Injini inawaka bila hii, lakini taa huna!"

Herminda akatazama ile betri, akatazama mbingu. Kuifunga kungetaka kufungua kiti na skrubu zake ndogo, na vidole vyake vilikwisha kufa ganzi kwa petroli.

"Hakuna muda."

Akachukua chupa na ngozi, akatoka.

Njia ya El Molle ni changarawe tupu, na siku hiyo changarawe ilikuwa imevaa utando wa barafu. Upepo ulimjia ubavuni. Waliozaliwa huku wanajua: unaendesha umeuegemea upepo kama unavyoegemea mlango, na hatari haipo ukivuma, hatari ipo ukikatika, kwa sababu mlango unafunguka nawe unaangukia ndani. Pale penye korongo ukakatika. Herminda akajikuta ubavuni chini, mguu chini ya pikipiki, gurudumu la nyuma linazunguka. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuibana klachi, kabla hata ya kujua kama mguu umevunjika. Isizime. Isizime tu. Haikuzima. Akajichomoa, akaiinua kwa mgongo, akapanda, akaendelea. Theluji ikaanza hapo, ndogo, ngumu, kama chumvi iliyorushwa na mtu mwenye hasira.

Alipofika El Molle, hakukuwa na mtu.

Kibao kilikuwepo. Alama za matairi ya basi zilikuwepo, zimeanza kujaa weupe. Na kwenye waya wa ua lilikuwa limening'inizwa sanduku dogo la nguo, limefungwa kwa kamba vizuri ili lisiruke.

Mzee alikuwa amesubiri. Amechoka kusubiri. Ameondoka. Kwa barabara hakupita, maana wangekutana. Kwa hiyo alikata nyikani, ile njia ya mkato ya kwenda Cerro Pelado ambayo alipita ujanani juu ya farasi, ila ujanani hakuwa na mapafu haya mabovu.

Herminda akapita mahali waya wa ua ulipoanguka, akaendesha nyikani kati ya vichaka mpaka gurudumu lilipoanza kuzama. Akasimama. Akapiga kelele: "Mzee Belarmino!" Sauti yake mwenyewe hakuisikia, injini ilikuwa inaifunika. Hata kama mzee alikuwa anajibu hatua mia kutoka pale, asingemsikia.

 Ili asikie, lazima azime. Akizima, injini ile iliyoamka kwa shida, katika upepo ule, ingeweza kupoa na kugoma, na badala ya mtu mmoja nyikani wangekuwa wawili. Mkono wake ukaenda kwenye swichi, ukarudi. Ukaenda tena.

Akazima.

Kimya, halafu upepo. "Mzee Belarminooo!" Upepo. Akafunua kitambaa usoni ili asikie vizuri, na badala ya sikio, pua ndiyo iliyopata: harufu ya kichaka cheusi kinachoungua, kile chenye utomvu, kinachowaka hata kikiwa kibichi. Kichaka hicho hakijiwashi chenyewe. Akaifuata harufu akiwa ameinama, uso kwenye upepo, akiipoteza, akiipata, mpaka akakaribia kumkanyaga mtu.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kishimo, mgongo kwenye upepo, kofia imefungwa kwa skafu, miguu ameitia kwenye mifuko ya plastiki ya hospitali. Mbele yake vijiti vinne vilikuwa vinakufa.

"Zoilo?"

"Si Zoilo. Ni Herminda Cayupán."

"Herminda wa pikipiki?"

"Huyo huyo, mzee. Inuka."

"Zoilo yuko wapi?"

"Amekwenda mjini kukuchukua wewe."

 Midomo ya mzee ilikuwa ya buluu na maneno yalitoka moja moja.

"Tangu anazaliwa namwambia awahi. Leo ndiyo kaamua kuwahi."

Hakuweza kusimama. Herminda akamnywesha mchuzi, nusu ukamwagikia kidevuni, akamzungushia ngozi ya kondoo, akamtia mgongoni, akambeba. Alikuwa mwepesi, na wepesi ule ulimtisha Herminda kuliko ambavyo uzito ungemtisha. Akampandisha kwenye kiti, akamfunga kwake kwa mshipi wake wa kusuka, kifua kwa mgongo. Akakanyaga kiki.

Hakuna kitu.

Akakanyaga tena. Hakuna.  Herminda akafumba macho, akajiuliza: petroli, moto, pumzi. Mkono ukagusa choki. Ilikuwa imevutwa, sijui ni saa ngapi aliivuta, mazoea ya bandani tu. Injini yenye joto haitaki choki, inasongwa nayo. Akairudisha, akafungua mafuta yote, akakanyaga taratibu isafishe koo, kisha akakanyaga kwa nguvu.

Ikawaka.

"Sasa sikiliza, mzee," akapiga kelele kwa kugeuza shingo. "Unaongea. Njia nzima. Nisipokusikia nitakutupa."

"Niongee nini?"

"Chochote! Nitukane mimi, mtukane Zoilo!"

Basi mzee akaongea. Kurudi upepo ulikuwa umegeuka, unawapiga kisogoni, na upepo wa kisogoni hauna kelele, kwa hiyo Herminda alisikia kila neno sikioni kwake. Alisikia habari za supu ya hospitali isiyo na chumvi. Alisikia habari za muuguzi aliyemwita "babu" bila kuulizwa, na za mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekoroma kama trekta. Giza likashuka. Taa hakuna. Herminda akaendesha kwa kufuata weupe kati ya weusi wa vichaka, gia ya pili, miguu yote miwili inaburuzika chini tayari kwa kuanguka. Penye korongo aliteremka kidogo kidogo, upana wa ukucha kila hatua. Maneno ya mzee yakaanza kuwa mafupi. Yakaanza kuja kwa nafasi ndefu.

Kisha yakakoma.

"Mzee?"

Upepo, injini.

"Mzee Belarmino!"

Kidevu kilikuwa kizito begani mwake. Kusimama hakuweza, hapo palikuwa na mteremko wa barafu, na akisimama hawaondoki. Akamsukuma kwa kiwiko ubavuni, mara moja, mara mbili, kwa nguvu ambayo mtu hamsukumi nayo mgonjwa. Machozi yalikuwa yameganda kwenye kope na hakujua ni ya upepo au ni yake.

"Acha kunipiga, binti," sauti ikasema sikioni. "Niko hapa. Nilikuwa nawahesabu wenzangu waliokufa kwenye njia hii. Sasa umenikatisha."

"Basi anza upya," Herminda akasema. "Na uhesabu kwa sauti."

Mzee akaanza upya. Aliwataja kwa majina yao kamili, jina la baba na la mama, mmoja mmoja, na kila mmoja aliongezea kidogo: huyu alikuwa mcheshi, huyu alikuwa mwizi wa kondoo lakini mwizi mwenye adabu. Alipowamaliza wote, jina lake mwenyewe halikuwamo, na mbele, nyumbani, mbwa wa Herminda walikuwa wameshaanza kubweka.